Kabla Hujamfuata Mbwa Wako Mtoni

Asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi Aprili mwaka 2018, niliingia katika Mto Rau nikiwa nimevaa gambuti na kitenge, nikimfuata mbwa wangu aliyekuwa amechukuliwa na maji. Habari hii siiandiki kwa kujivunia. Naiandika kwa sababu kila masika yanapoanza hapa Moshi hakosekani jirani wa kuniuliza kama ningefanya vile tena, na jibu langu huwa refu kuliko subira ya muulizaji aliyesimama langoni na mwavuli mkononi.

Kwa msomaji asiyeijua Moshi, nianze na mto wenyewe. Mji wetu uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mlima unaotuangalia, Kilimanjaro, unafika mita 5,895, wala umbali kati ya mji na msitu wa mlimani si mkubwa. Kwa hiyo maji ya Rau, ya Karanga na ya mito mingine inayotokea huko juu hushuka mteremko mkali kwa mwendo mfupi, na mto unaweza kufurika mjini huku jua likiwaka, kwa kuwa mvua ilinyesha usiku kucha upande wa Uru na sisi huku chini hatukusikia hata tone juu ya bati. Siku ile ndivyo ilivyokuwa. Mlima ulikuwa umejifunika, nami niliuona, lakini mlima hujifunika karibu kila siku ya masika, na aliyeuzoea hausomi tena.

Nilikuwa nimekwenda kukata majani ya ng'ombe pamoja na mwanangu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka 10, na Popi alitufuata kama kawaida yake. Popi alikuwa mbwa wa kienyeji, wa rangi ya kahawia, tuliyepewa na shemeji yangu wa Kibosho akiwa bado ananyonya. Aliona kenge kwenye ukingo, akamfukuza, na ukingo uliokuwa umeloa kwa siku kadhaa ukamomonyoka chini yake. Nilisikia mlio mmoja tu, kisha nikamwona kichwa kikielea katikati ya maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Watu wanaosimulia mambo ya namna hii hupenda kusema kwamba walifikiri haraka. Mimi sikufikiri kabisa, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko jingine lolote katika makala hii. Sikupima kina, sikutazama maji yanaelekea wapi, sikumwambia mtoto neno lolote. Hatua tatu za kwanza maji yalikuwa chini ya magoti. Hatua ya nne gambuti zikajaa, zikawa nzito kama mtu ameniwekea mawe miguuni. Hatua ya tano sikupata pa kuikanyaga. Kitenge kilinizunguka mapajani kikanifunga miguu, nikapinduliwa, nikapiga nyonga kwenye jiwe, na sijui nilikwenda umbali gani kabla ya kukwama kwenye mizizi ya mringaringa uliokuwa umeinamia maji. Niliing'ang'ania mizizi ile kwa mikono miwili, nikiwa nimesahau kabisa kwamba kulikuwa na mbwa duniani.

Aliyenitoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa akiosha pikipiki yake mita chache chini ya pale. Wenzake wawili walishikana mikono, yeye akawa wa mwisho katika mnyororo ule, akaingia hadi kifuani, akanikamata kwa kitenge kilekile kilichotaka kuniua. Katika kunivuta, kitu fulani chini ya maji, labda kipande cha bati, kilimchana mkono kuanzia kiwiko. Alishonwa nyuzi 7. Kwa wiki tatu hakuweza kuendesha, na pikipiki haikuwa yake, alikuwa anapeleka hesabu kwa mwenye mali kila siku, na mke wake alikuwa amejifungua mwezi uleule. Mambo hayo yote niliyajua baadaye, nilipokwenda nyumbani kwake na kilo chache za mchele na aibu isiyobebeka. Alinipokea vizuri, akaniamkia, akaniuliza hali ya nyonga yangu, kisha akasema kwa upole, "Mama, siku nyingine uniite kwanza. Mimi nilikuwa pale pale."

Popi alitoka mwenyewe. Aliogelea na mkondo hadi kwenye kona ambapo mto unapanuka na maji kutulia, akapanda ufukweni, akajikung'uta, na tulipofika nyumbani tulimkuta barazani akijilamba.

Nimewahi kusimulia kisa hiki mbele ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kama mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ambaye alinitazama nikiwa nimelala na chupa ya maji moto nyongani akasema, "Mwanangu, kwa mbwa tu?" Wa pili ni vijana wa siku hizi, hasa walioishi mijini mikubwa, wanaoniambia kwamba mnyama ni mmoja wa familia na familia haiachwi. Nawaheshimu wote wawili, lakini naona wote wanajibu swali ambalo mto hauulizi. Wanabishana kuhusu thamani ya mbwa, kana kwamba tukishakubaliana mbwa ana thamani kiasi gani tutajua pia kama mtu aingie majini. Mimi nilimpenda Popi. Nililia alipokufa kwa uzee mwaka 2022, na sioni haya kulisema hilo ingawa najua katika mtaa wetu mtu mzima kulilia mbwa ni jambo la kuchekwa. Hata hivyo mapenzi yangu hayakupunguza nguvu ya maji hata kidogo, wala hayakuushona mkono wa yule kijana.

Ninachokiamini sasa ni hiki. Anayeingia hatarini kwa ajili ya mnyama hudhani anauweka rehani uhai wake mwenyewe, na kwamba kwa kuwa ni wake ana haki ya kuuweka. Kumbe akishaingia, anaweka pia uhai wa yeyote mwenye utu aliyesimama karibu. Mbwa akizama, watu watasikitika. Mtu akizama, watu wataruka. Kwa hiyo uamuzi ninaodhani ni wangu peke yangu unamhusu kijana ambaye sijamwuliza, na mke wake aliye na kichanga, na mwenye pikipiki anayesubiri hesabu yake jioni.

Kisa kimoja kinachonirudia ni cha Marekani. Mwezi Julai mwaka 1981, katika Hifadhi ya Yellowstone, mbwa aliruka kutoka garini akatumbukia katika chemchemi ya maji ya moto, yenye joto la nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Kijana wa miaka 24, ambaye hata hakuwa mwenye mbwa bali rafiki yake, alimfuata kwa kichwa huku watu wakimpigia kelele asiingie. Alifariki siku iliyofuata, na mbwa hakutoka. Wengi huishia hapo wanapokisimulia. Mimi huendelea kidogo, kwa sababu yule rafiki yake aliyesaidia kumvuta naye aliungua miguu. Maji yetu hayachemki, lakini mpangilio wa matukio ni uleule: mnyama, kisha mtu, kisha mtu wa pili.

Sasa nieleze maji yanavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wetu tuliozaliwa kandokando ya mifongo, ile mifereji yetu ya maji, tunadhani tunayajua. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kila mama aliyewahi kuitwika anaujua uzito huo shingoni mwake. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani tani nzima, na mtoni tani hizo zinapita zikikusukuma bila kupumzika, moja baada ya nyingine. Tena mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo wake haiongezeki mara mbili bali mara nne. Ndiyo maana maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, ambayo hayafiki katikati ya ugoko, yanatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuliinua gari dogo na kuliondoa barabarani. Mimi nilianza kwenye maji yaliyokuwa chini ya magoti, hatua mbili baadaye nikawa nimepinduliwa, na hadi leo kuna watu wanaodhani natia chumvi.

Mbwa ana nafuu ambayo mtu hana. Ana miguu minne, hana gambuti, hana kitenge, na hajaribu kusimama. Anajiachia na mkondo akipiga maji hadi apate pa kushika. Mtu hutaka kusimama, na akisimama mguu ukabanwa kati ya mawe, mkondo humlaza kifudifudi na kumfunika. Ukiangushwa, basi, usijaribu kusimama katika maji yaendayo kasi. Lala chali, tanguliza miguu upande maji yanakokwenda, na utumie mikono kujisogeza ufukweni. Ningelijua hilo siku ile, huenda nyonga yangu isingekuwa inatabiri mvua kama inavyofanya sasa.

Na hata ukimfikia mnyama, kazi ndiyo kwanza imeanza. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na mbwa anayezama hakutambui kama bwana wake aliyempikia ugali na dagaa jana usiku. Wewe kwake ni gogo. Atakupanda kichwani, atakuchana kwa kucha, na yumkini atakuuma. Hapo nisimame kidogo kwenye jambo la kuumwa, kwa sababu hatari hii hubaki hata baada ya wote wawili kutoka salama. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Kwa hiyo jeraha lolote, hata mkwaruzo, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali ukaeleze ukweli ili upangiwe chanjo. Usiseme "huyu ni mbwa wangu namjua". Kama mbwa wako hapelekwi chanjo kila mwaka, humjui.

Mto angalau unaonekana. Jambo la pili nililolipitia lilihusu shimo, na shimo halionyeshi kitu.

Miaka mitatu iliyopita jirani yangu mmoja, mama mjane anayeishi peke yake na paka wake, alikuwa anatengenezewa shimo la maji machafu. Mafundi waliacha mfuniko wa zamani umesogezwa, na alasiri paka akatumbukia. Tulimsikia akilia. Fundi mmoja, kijana mwenye moyo, alileta ngazi na kuanza kuvua shati. Nilimshika mkono nikamwambia haingii mtu. Kulitokea mabishano makali, kwa sababu shimo lenyewe halikuwa refu, lilikuwa na matope kidogo tu chini, na paka alikuwa hai, sauti yake ilisikika wazi kabisa.

Niliyajua ya mashimo kutoka kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa akichimba visima, na baadaye nikayasoma zaidi. Katika shimo la maji taka hujikusanya hewa inayonuka kama mayai viza, iitwayo haidrojeni salfaidi, na ubaya wake ni kwamba ikizidi sana huua kwanza uwezo wa pua kuinusa. Mtu hushuka akinusa uvundo, uvundo unapotea, anadhani hewa imesafika, na pumzi mbili tatu baadaye anaanguka. Katika visima vya kawaida huweza kutuama kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, ambayo haina hata harufu ya kukuonya. Anayeanguka huonekana kama ameteleza, kwa hiyo mwenzake hushuka kumwinua, naye akaanguka, na wa tatu akafuata. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu zilizofungika za namna hiyo walikuwa ni wale walioingia kuokoa. Sidhani kama kuna mahali pengine ambapo huruma huua kwa mpangilio kama huo.

Tulishusha tenga lililofungwa kamba, tukaweka dagaa ndani yake. Tukashusha pia ubao mrefu uliozungushiwa gunia ili apate pa kushika kwa kucha. Tulipiga simu 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambao wana vifaa vya kupumulia, na tukasubiri. Paka hakupanda tengani. Baada ya muda sauti ilipungua, halafu ikanyamaza, na alipotolewa alikuwa ameshakufa.

Jirani yangu hakunisemesha kwa karibu miezi miwili. Nilipopita alikuwa akigeukia ukuta. Kuna watu mtaani waliosema kwamba mimi niliyeingia Rau kwa ajili ya mbwa wangu nimemzuia fundi kwa ajili ya paka wa mwenzangu, na maneno hayo yalikuwa na ukweli wa kutosha kunikosesha usingizi. Nimeyatafakari mara nyingi. Bado nasema kwamba siku ya mto nilikosea na siku ya shimo nilipatia, ingawa siku ya mto mnyama alipona na siku ya shimo mnyama alikufa. Anayepima uamuzi kwa namna mambo yalivyoishia atajifunza kinyume cha yale anayopaswa kujifunza.

Kuhusu moto sina kisa changu, namshukuru Mungu, kwa hiyo nitapita upesi. Katika nyumba inayoungua, moshi hutangulia kuua kabla ya miali. Ndani yake mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na magodoro yetu ya sponji yakiungua huongeza sumu nyingine. Ukishatoka, usirudi. Acha mlango wazi kama unaweza kufanya hivyo bila kuingia, muite mnyama kwa jina ukiwa nje, na uwaambie waokoaji yuko chumba gani. Paka hujificha chini ya kitanda au kabatini na hatakuja hata ukimfuata. Mbwa huenda ameshatoka kabla yako. Waya wa umeme ulioanguka usiukaribie hata kama mnyama amelala pembeni yake na bado anapumua, kwa kuwa ardhi yenyewe, hasa iliyoloa, inaweza kuwa na umeme.

Na paka aliye juu ya mti? Huyo mwache. Kucha zake zimepinda kwa namna inayomsaidia kupanda na kumpa taabu kushuka kichwa mbele, kwa hiyo hukaa akilalamika hadi ajifunze kushuka kinyumenyume, pengine baada ya usiku mzima. Weka chakula chini, watoto na mbwa waondoke, mpe muda. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu miti ya vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ni miparachichi kwa wingi, na kila Mchagga anajua kwamba tawi la mparachichi huvunjika bila kutoa taarifa.

Sitaki nieleweke kwamba nafundisha ugumu wa moyo. Jirani yangu mwingine, ustadhi wa madrasa, alinikumbusha Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anaramba tope kwa kiu. Akashuka tena, akakijaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili mikono yake ipate kupanda, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mimi ni Mlutheri, nikamjibu kwa Luka sura ya 14, pale Yesu anapouliza ni nani ambaye punda wake au ng'ombe wake akitumbukia kisimani hatamtoa mara moja hata siku ya sabato. Tulicheka kwamba vitabu vyote viwili vimetupeleka kisimani. Lakini ustadhi aliongeza jambo ambalo sikuwa nimeliona: mtu yule alikuwa ameshashuka kisima kile na kupanda dakika chache tu kabla, akakijua kina chake na pa kukanyaga, na alikiuma kiatu kwa meno kwa sababu alikuwa amefikiria namna ya kurudi juu. Ile ilikuwa rehema ya mtu aliyetazama kwanza.

Kwa hiyo nitatoa nini kwa ajili ya mnyama wangu? Nitatoa fedha, hata kama majirani wataona ni upuuzi kumlipa daktari wa mifugo zaidi ya bei ya mbuzi. Nitatoa usingizi, nguo, na heshima yangu nikilala kifudifudi kwenye tope mbele ya watu. Nitaingia kwenye maji yaliyotuama ambayo naiona ardhi yake. Maji yaendayo, shimo, moshi na umeme siingii, na uamuzi huo nimeufanya nikiwa nimekaa kitako na kikombe cha chai, kwa kuwa najua kwamba nikifika ukingoni sitakuwa na akili ya kuufanya. Nimewaambia pia wa nyumbani kwangu, ili atakayekuwepo anishike, kama nilivyomshika yule fundi.

Yaliyobaki ni ya kufanya mapema. Masika yakianza, mbwa asikaribie mto bila kufungwa kamba, hata akiwa mtiifu kiasi gani, maana utiifu huishia pale anapomwona kenge. Afunzwe kuja kwa mluzi, kwa sababu sauti yako itapotea katika kelele za maji na mluzi utasikika. Akichukuliwa, usikimbilie pale alipotumbukia; kimbia ufukweni kuelekea chini, umtangulie, usimame penye kona na maji yaliyopoa, upige mluzi ili aogelee kuja kwako. Kama alivyofanya Popi, pasipo msaada wangu. Ukiwa na mwanzi mrefu, lala kifudifudi umwelekezee, mtu mwingine akikushika miguu. Kamba ya plastiki huelea, hivyo ni bora kwa mtoni kuliko ya katani inayolowa na kuzama; iwe na urefu wa mita 20 hivi, na ifungwe kwenye mti, isifungwe kiunoni mwako kamwe, kwa sababu kamba iliyokaza katika maji yaendayo kasi humzamisha aliyefungwa. Mashimo yote ya uani yafunikwe kwa zege, si kwa bati na jiwe juu yake.

Na zungumzeni na watoto, tena kwa maneno ya wazi. Mimi sikuzungumza. Nilidhani mwanangu alielewa mwenyewe aliponiona nikichechemea mwezi mzima. Mwaka jana, akiwa kijana anayenizidi kimo, tulikuwa tunachambua maharage barazani, habari za mto zikaja, akaniambia bila kuinua uso kwamba niliponasa kwenye mizizi yeye alikuwa ameshavua ndala. Alikuwa amezipanga vizuri pembeni, ili zisichukuliwe na maji. Kilichomzuia ni mmoja wa wale vijana wa bodaboda, aliyemsukuma nyuma alipokuwa akikimbia kuja kushikana mikono na wenzake.

Sikuwa na la kusema, tukaendelea na maharage. Jumamosi iliyofuata nilinunua kamba mbili, moja ya kwetu na moja ya kijiwe cha bodaboda. Jioni tunafanya mazoezi ya kuirusha uani, tukilenga beseni lililowekwa mita 15 kutoka mlangoni. Mwanangu hulipata mara nyingi kuliko mimi. Mbwa tuliye naye sasa, ambaye bado ni mdogo, anadhani ni mchezo, na kila kamba ikianguka huidaka kwa meno na kuturudishia.